Nilipotumwa Kupima Haya ya Wanawake

Siku ya kuniaga pale kliniki mlinipa blanketi. Nawashukuru sana. Mtu anapostaafu Mombasa, mwezi wa Februari, jasho likimchuruzika hata kivulini, hana anachokihitaji kama blanketi zito la manyoya lenye picha ya simba. Nimelikunja vizuri juu ya kabati. Halafu ninyi wauguzi vijana mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Ya vyeo sina. Kwa kasi niliyopandia, mtu angenipita akitambaa. Nitawaandikia habari ya miaka niliyotumwa kuwauliza wanawake waliokatwa titi wanajionaje, kwa sababu siku hizi nawaona mkiijaza ile fomu huku mkitafuna njugu, kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni ikiwa hivyo hivyo.

Mwanzo wa miaka ya themanini nilihamishwa kutoka wodi ya wazazi kwenda wodi ya upasuaji ya wanawake. Aliyenipokea alikuwa Sista Kadzo, Mgiriama wa Kisauni, mfupi, mwenye mikono ya kubebea magunia na sauti ya kwaya. Siku ya kwanza alinionyesha makasi, koleo, bendeji, na ile chupa ya kuvuta maji ya kidonda. Kisha akanionyesha jinsi ya kumfungua bendeji mwanamke aliyetolewa titi.

"Simama hapa," akasema, "uinamishe mwili hivi, umkinge. Asijione."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aende nyumbani."

"Na akifika nyumbani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya ndege. "Nyumbani si kwake?"

Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yetu yote. Wodi nzima haikuwa na kioo. Kilikuwepo kimoja karibu na bafu, kikaondolewa, na aliyekiondoa akajipongeza kwa huruma yake. Mgonjwa akitoka tulimfundisha kuinua mkono kwa kutambaza vidole ukutani, tukamwambia ale mboga na amshukuru Mungu. Mboga na Mungu, wote wawili, alikuwa akiwajua kabla hajatujua sisi.

Kisha likaja boksi la msaada kutoka Ulaya. Ndani mlikuwa na matiti ya bandia, ya mpira laini, na yote yalikuwa ya rangi ya waridi, rangi ya mtoto wa Kizungu aliyetoka kuoga sasa hivi. Ukubwa ulikuwa mmoja, na ukubwa wenyewe ulikuwa wa kutisha. Sista Kadzo alilipima moja mkononi, akasema, "Mayo wee, ukitumbukia majini na hili huibuki." Tuliyagawa hata hivyo, kwa sababu msaada haukataliwi. Mama mmoja wa Miritini alilirudisha baada ya siku chache: mumewe alilikuta limeanikwa kwenye kamba ya nguo, akakimbilia kwa jirani. Yaliyobaki yaliwekwa stoo mpaka joto likayafanya yanate, na mtu wa stoo akawa anayatumia kuzuilia mlango.

Tukaendelea hivyo miaka. Tulikata, tulifunga, tulikinga, tuliwaambia wale mboga. Wengine hawakufika hata kwenye kukatwa. Mwanamke angeambiwa ana saratani, angeitikia kwa adabu, angechukua kadi yake na kwenda, tusimwone tena mpaka hakuna la kumfanyia. Sisi tulisema, "Watu hawa hawana elimu," tukaenda kunywa chai.

Mwanzo wa miaka ya tisini akaja Daktari Munyao. Alikuwa Mkamba, mpasuaji, kijana bado, ametoka masomoni Ulaya na miwani mipya. Alitaka hospitali itoe chumba na siku moja kwa wiki kwa ajili ya wanawake hawa, waje wazungumze. Wakubwa wakamwambia jambo la maana sana: thibitisha kwanza kwamba wana tatizo. Kumkata mtu titi hakukuhesabiwa kuwa uthibitisho.

Kwa hivyo Daktari akatoa fomu yake ya maswali. Ilikuwa ya kupima jinsi mgonjwa anavyouona mwili wake. Kila swali lilikuwa na majibu manne: hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Kila jibu lina alama zake. Unajumlisha, na hapo, kwa rehema za Mungu na hesabu za darasa la tatu, unajua mwanamke amevunjika moyo kiasi gani.

Kuyatia maswali katika Kiswahili nikapewa mimi, maana nilizaliwa Likoni na kwa hivyo ilidhaniwa nilizaliwa na kamusi. Kuuliza nikapewa mimi pia. Wagonjwa wa kisiwani alipewa mwenzangu mwenye magoti mabovu; mimi nikapewa ng'ambo zote tatu, Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na jua lake.

Mwanamke wa kwanza, mke wa mfanyakazi wa bandari kule Changamwe, nilimuuliza kama ameridhika na picha ya mwili wake.

"Nilipigwa mbili," akasema, "ya kifua na ya mgongo. Daktari alisema zimetoka vizuri."

Nikarudi kuandika upya. Palikuwa na swali jingine, kama mgonjwa anahisi amepungukiwa uanamke. Bibi mmoja wa Mtongwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi nina uhakika na wangu.

Lakini taabu kubwa haikuwa maneno. Taabu ilikuwa adabu. Mswahili ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo hata kama amebebwa kwenye machela. Nilikaa kwenye mikeka na viti vya watu, nikanywa kahawa yao na kula kaimati zao, nikauliza: Umeona haya kwa sura yako? Hapana kabisa, alhamdulillahi. Imekuwia vigumu kujitazama ukiwa huna nguo? Hapana kabisa, nashukuru. Umejiona hupendezi? Hapana, mwanangu, ongeza kahawa. Nilirudi hospitali na rundo la fomu zilizojaa sufuri. Kwa mujibu wa hesabu, nilikuwa nimegundua wanawake wenye raha kuliko wote duniani, na waliishi nyuma ya kiwanja cha ndege.

Nilimpa Daktari Munyao fomu zake nikitarajia pongezi. Akazipekua zote, akavua miwani.

"Sista Zuhura, hakuna mtu aliye mzima hivi. Hata mimi siko mzima hivi."

"Watu wa pwani tuna shukrani, daktari," nikamjibu, nimevimba.

"Nimefurahi kusikia. Nikiwapelekea wakubwa shukrani hizi, chumba hatupati. Naomba urudi."

Nikarudi, na hasira zangu zote, na nyumba niliyoanzia ilikuwa ya Bi Mwanaidi wa Likoni.

Bi Mwanaidi alikuwa mpambaji wa maharusi. Kabla ya kuugua, hakuna bibi harusi wa maana upande ule aliyeolewa bila mikono yake: kumsinga mwili mzima kwa singo, ule unga wa manukato wa kusugulia ngozi, kumtia hina na piko, kumfukiza udi, kumfunda yale ambayo mamake anaona haya kumwambia. Mimi mwenyewe alinipamba. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi ambao ungeweza kukwangulia nazi. Tulimtoa titi la kushoto miaka michache nyuma, akapona vizuri, na fomu yake ya kwanza ilikuwa sufuri juu mpaka chini.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Umekuja tena na karatasi zako? Mara ya kwanza nilikosea kujibu?"

Kabla sijasema kitu, aliingia mwanamke jirani aliyekuwa na binti wa kuozesha. Alimwomba Bi Mwanaidi, akamsihi, akamkumbusha kwamba ndiye aliyempamba yeye na dada zake. Bi Mwanaidi akasema macho yake hayaoni tena. Hawezi kuchora hina. Alipoondoka yule mama, Bi Mwanaidi aliuchukua uzi, akautia kwenye tundu la sindano mara moja, bila miwani, akaanza kushona pindo la leso.

Nilikuwa nimechoka, viatu vinanibana, na nilikuwa na fomu nyingi bado. Nikasahau adabu.

"Mwongo wewe, Bi Mwanaidi. Macho yako hayana kitu. Kwa nini umeacha kupamba?"

Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kushona kwa muda, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Wajua kumsinga bibi harusi? Wamwinamia. Yeye amelala, macho yake yako hapa." Akajigusa kifuani kwa sindano. "Na chumba kimejaa wanawake, joto, kila mtu amejifunga leso. Leso ikishikwa na titi moja haikai, Zuhura. Yateleza. Wao hawasemi kitu, wana adabu. Lakini hawanitazami usoni tena. Mtu aje afundwe urembo na mimi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeona haya kwa sura yangu. Sura yangu ina nini?"

Kisha akaniambia kwamba alijaribu. Lile la waridi la hospitali alilitazama mara moja akalifunga kwenye gazeti. Akajishonea kifuko cha kitambaa, akakijaza pojo, zile dengu za kijani, kwa sababu zina uzito mzuri na zinalala kama kitu cha kweli. Akakivaa kwenye harusi ya mpwa wake, siku nzima, jikoni, kwenye moto wa biriani.

"Siku ya tatu nikaona sidiria yaniwasha. Nafungua, pojo zimeota. Zina mikia."

Tulitazamana. Aliyeanza kucheka ni yeye. Tulicheka mpaka sindano ikampotea, tukawa tunaitafuta mkekani kwa magoti huku tumeshika mbavu. Na alipoipata alikuwa analia, na mimi nikajifanya bado natafuta.

Nilimweleza Daktari Munyao kwamba Bi Mwanaidi ameacha kupamba, nikiruka yale ya kifuani na ya machozi. Akaniambia mara moja tuongeze swali moja chini ya fomu, lisilo na alama: Tangu upasuaji, umeacha kufanya nini? Nikazizungukia tena nyumba zile zile, na sasa kahawa ilipoa kabla sijapata nafasi ya kuinywa. Mmoja ameacha kwenda harusini. Mmoja ameacha kuoga na dada zake uani. Mmoja wa Kisauni ameacha kulalia ubavu wa kulia, kwa sababu huko ndiko anakomwelekea mumewe. Yule wa Changamwe aliyepigwa picha mbili, aliyesema hana neno, akasema mumewe ni mwema mno, na hiyo ndiyo taabu: amekuwa mwema kiasi cha kubisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe. "Nataka aingie tu, sista," akasema. "Aingie kama zamani, na viatu."

Jibu hilo sikujua nilipe alama ngapi. Mpaka leo sijui.

Wakati tuko katika hayo akaja Sidi. Alikuwa msichana wa Ziwa la Ng'ombe, mkaanga viazi karai, mwenye mchumba aliyekuwa utingo wa lori. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo na Daktari alitaka kuutoa wiki ile ile, pamoja na titi. Sidi alisikiliza yote, akauliza swali moja tu.

"Nitakuwaje?"

Daktari akamweleza habari ya uwezekano wa kupona.

"Nimesikia. Nauliza nitakuwaje. Hapa."

Daktari akachukua kalamu, akamchorea mwili wa mtu na mstari wa mshazari. Sidi akautazama ule mchoro, akatutazama sisi. "Huu ni mstari," akasema. Akafunga vifungo vya blauzi, akasema atafikiria, kwa sauti ile ile ya wote waliotuambia watafikiria. Nikamshika mkono mlangoni, nikamwahidi kwamba akirudi Alhamisi nitampa jibu. Sikuwa na jibu lolote. Nilisema tu kwa sababu niliwaona wale wengine wote wakipita mlango ule.

Jioni hiyo nikavuka feri kwenda Likoni. Bi Mwanaidi alinisikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba sitakaribishwa kukaa.

"Wallahi, Zuhura, sijamwonyesha hata dada yangu tuliyezaliwa naye. Leo nikamvulie nguo mtoto wa watu nisiyemjua?"

"Sikulazimishi, bi."

"Wanilazimisha. Umekuja na uso huo, na viatu vya kazi. Nenda zako."

Nikaenda zangu. Alhamisi Sidi alikuja, na hilo peke yake lilinishangaza. Nilimkalisha chumba cha uchunguzi, nikampima presha, nikampima tena, nikampima uzito, nikamuuliza habari za bei ya viazi. Nilikuwa nimeshaanza kumpima homa asiyokuwa nayo niliposikia harufu ya udi ukumbini. Bi Mwanaidi aliingia na buibui jipya, wanja machoni, hina mbichi mikononi, kama mtu aendaye kupokea mahari. Daktari Munyao akasimama kwa heshima, akaanza kumweleza jinsi anavyoshukuru.

"Ahsante, baba. Toka nje."

Akatoka. Pazia lilikuwa limekatika pete, kwa hivyo mimi nikalishika kwa mikono, upande wa nje, na sikuacha kulishika. Nilisomea uuguzi miaka mitatu na nusu, na kazi bora niliyowahi kuifanya hospitalini ilikuwa ya msumari.

Nilisikia buibui likivuliwa.

"Naweza kugusa?" Sidi akauliza.

"Gusa. Mkono wako baridi, lakini gusa."

"Inauma?"

"Mvua ikitaka kunyesha yawasha. Na huyo aliyeshika pazia akija na maswali yake, yawasha zaidi."

Kisha sauti ya Sidi, ndogo, "Nilidhani panabaki shimo."

"Shimo la nini? Mimi kisima?"

Miaka yote ile tuliwaambia habari za mboga, na wao walikwenda nyumbani wakifikiria shimo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia kwamba panabaki ngozi tu, ngozi na alama, na mbavu kwa chini kama za mtu yeyote.

"Kumbe ni hivi tu," akasema Sidi.

"Hivi tu?" Bi Mwanaidi akapandisha sauti. "Miaka mimi najificha, wewe waja kuniambia hivi tu?"

"Samahani, bi. Nilitaka kusema, bado u mzuri."

Baadaye kidogo Sidi akauliza, "Ulilia?"

"Sana."

Lilikuwa moja katika yale majibu manne ya fomu, la mwisho, na nilikuwa nimelitafuta ng'ambo zote tatu. Sikuwa na kalamu, na mikono yangu ilikuwa na kazi.

Sidi alipasuliwa wiki iliyofuata. Sista Kadzo, ambaye naye alikuwa karibu kustaafu, alipokwenda kumfungua bendeji alisimama pembeni badala ya mbele, akatazama dari, akamwacha msichana ajitazame kadiri anavyotaka. Yule mchumba aliondoka na lori kwenda Malaba na hakurudi. Mtu pekee aliyelalamika alikuwa mwenye lori. Bi Mwanaidi alimpamba yule binti wa jirani, akiwa na kifuko kipya cha sufi na mchanga uliooshwa, akaniambia hakuna aliyetazama kitu kwa sababu aliwatukana wote walipoingia, wakawa wanatazama chini. Siku za Alhamisi alikuja hospitali kukaa na wanawake. Tulitaka kumwita mshauri, akakataa. Alisema mshauri ni mtu asiye na kazi.

Chumba tulikipata. Ilikuwa stoo ya zamani, haina dirisha, lakini wakubwa walikuja kuifungua kwa hotuba, wakaeleza jinsi wao walivyoliona tatizo hili mapema. Daktari Munyao alipeleka matokeo yake kwenye mkutano Nairobi. Aliniambia walibishana mchana kutwa kama "aingie na viatu" ni kipimo. Mwaka uliofuata akahamishwa, kama afanyiwavyo mtu anapoanza kufaa. Swali lake la mwisho lilibaki kwenye fomu. Ndilo lile ambalo ninyi mnaliruka kwa sababu linachukua nafasi kubwa na wagonjwa hawalijibu kwa haraka. Msiliruke.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini, nikipita ukumbini na trei ya sindano, nilimkuta Sidi kwenye benchi, amekuja kuangaliwa kama kawaida. Alikuwa ameolewa na fundi wa kuchomea vyuma wa Kisauni, na alikuwa na mtoto mchanga mapajani. Mtoto akaanza kulia. Sidi akafungua blauzi, akatoa titi lake, akamnyonyesha, na upande wa pili wa blauzi ukaanguka, kovu likaonekana lilivyo.

Kando yake alikaa mwanamke wa makamo, kadi mpya mkononi, uso umekauka. Nilimjua; alikuwa ameambiwa asubuhi ile kwamba ni saratani. Alikuwa anakitazama kifua cha Sidi bila kupepesa, amesahau kabisa adabu. Nikasogea ili nisimame mbele yao, nimkinge Sidi.

"Tupishe, sista," Sidi akaniambia. Akamgeukia yule mama. "Tazama tu, mama. Hili ni la mtoto. Lile jingine niliwaachia hawa." Akaninyooshea kidevu.

Yule mama akafunika mdomo kwa leso. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha akajisogeza kwenye benchi, karibu, karibu zaidi, mpaka mapaja yao yakagusana, akauliza jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia.

Halikuwa langu kulisikia. Nikaishika vizuri trei yangu, nikapita.